Mlima Mmoja, Madirisha Mawili

Mtu aliye Bungoma mjini akitaka kuuona Mlima Elgon hutazama kaskazini. Aliye Kitale hugeukia magharibi. Tofauti hiyo tu inatosha kubadili ramani ya kijumba cha tafakuri, yaani chumba kidogo cha mtu mmoja kukaa kimya, kusali au kutuliza akili. Na dirisha la kuelekea mlimani si pambo huku. Dini ya Msambwa, iliyoanzishwa na Elijah Masinde wa Kimilili katika miaka ya 1940, iliuhesabu mlima huo kuwa mtakatifu.

Kikwazo ni jua. Miji hii iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri, liwe upande wa kaskazini mwezi Juni au kusini mwezi Desemba, halisogei mbali na utosi zaidi ya nyuzi 25. Bungoma, upenu wa sentimita 90 unaukinga ukuta wa mita 2 usichomwe na jua la adhuhuri mwaka mzima, na dirisha la kaskazini laweza kuwa pana upendavyo. Kitale mambo ni mengine. Mwishoni mwa Machi, saa 11 jioni, jua liko nyuzi 25 hivi tu juu ya upeo wa macho na linapiga dirisha la magharibi usoni. Kulikinga dirisha la kimo cha mita 1 kunataka upenu unaozidi mita 2, na hiyo sasa ni baraza. Basi jenga baraza, panda na mti mbele yake. Vile vijumba vya vioo vitupu vinavyosifiwa Ulaya kaskazini vilibuniwa kulitafuta jua. Sisi tunalikwepa.

Halafu kuna mvua. Kitale hupata takribani milimita 1,200 kwa mwaka, na nyingi humwagika alasiri pamoja na radi. Tone kubwa hushuka kwa kasi ya mita 8 au 9 kwa sekunde. Likitua kwenye bati la geji 30, ambalo unene wake ni kama milimita 0.3, bati hutetemeka kama ngozi ya ngoma, na walio ndani hawasikilizani. Nyasi hazivumi hivyo. Tone hupinda majani, na nguvu yake huishia humo humo. Msonge wa Wabukusu ulikuwa umelimaliza jambo hili zamani, na sioni kwa nini anayetafuta kimya aanze na bati. Akihofia kuvuja, aezeke bati kisha alifunike kwa nyasi nene, akiacha nafasi ya hewa katikati ili unyevu usilile bati.

Kuta nazo hufuata kanuni ya uzito: kila uzito wa ukuta unapoongezeka maradufu, sauti inayopenya hupungua kwa desibeli 5 au 6. Ukuta wa udongo wa sentimita 20 una kilo 350 hivi kwa kila mita ya mraba. Wa bati hauna hata kilo 3. Lakini chunguza chini ya mlango. Nafasi iliyo asilimia 1 tu ya ukuta huingiza asilimia 1 ya nishati ya sauti, na hapo ukuta wote, hata uwe mzito vipi, hauwezi kupunguza zaidi ya desibeli 20. Boda boda barabarani itasikika.

Usizibe kila kitu, hata hivyo. Aliyeketi kimya hutoa lita 18 hivi za hewa ya ukaa kwa saa. Katika msonge wa kipenyo cha mita 3, wenye takribani mita za ujazo 18, kiwango hupanda kwa sehemu 1,000 katika milioni kila saa, wakati hewa ya nje ina zaidi kidogo ya 420. Baada ya saa mbili, usingizi unaodhaniwa kuwa utulivu huenda ni uzito wa hewa tu. Tundu la hewa liwe chini ya upenu, upande usioelekea barabara, na lipite kwa kona badala ya kunyooka.

Udongo wenyewe upime kwa chupa ya glasi. Tia udongo theluthi moja, jaza maji, tikisa, weka chini. Mchanga hutua ndani ya dakika moja, tope laini huchukua saa kadhaa, na mfinyanzi huweza kuelea hadi kesho yake. Udongo mwekundu wa miteremko ya Elgon mara nyingi una mfinyanzi mwingi, nao ukikauka hunywea na kupasuka, hivyo huongezewa mchanga. Ukishindiliwa kwa mashine ya mkono pamoja na saruji asilimia 5 hadi 10, hutoa matofali yasiyohitaji tanuri wala kuni. Kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote: huwezi kukata miti ili upate mahali pa kuketi msituni.

Matofali hayo hufunikwa na kunyunyiziwa maji wiki ya kwanza, kisha huachwa yakomae hadi ya nne. Anayeanza Desemba ana muda wa kutosha kuezeka kabla ya mvua za Machi.