Maamkizi ya Mteja katika Simu: Masasi na Newala

Jambo tutakalolieleza hapa laweza kuonekana dogo: neno la kwanza apewalo mteja apigapo simu. Lakini ndani yake mna swali la lugha lisilo jepesi: tumwamkieje mtu tusiyemwona?

Maamkizi ya Kiswahili huanza kwa macho. Mdogo humwona mkubwa, husema "shikamoo", naye huitikiwa "marahaba". Walio rika moja hutosheka na "hujambo" au "habari gani". Mlangoni nako taratibu ni wazi: mgeni hupiga hodi, mwenyeji hukaribisha. Simu huipindua taratibu hiyo. Aghalabu mwenyeji ndiye atamkaye kwanza, bila ya kujua kama aliyebisha ni mzee au kijana.

Pengo hilo limezibwa kwa "halo", neno tulilolipata kwa Waingereza. Hata katika Kiingereza halikukubaliwa na wote mara moja: mwaka 1877 Thomas Edison alipendekeza "hello", hali Alexander Graham Bell alipendelea "ahoy". Lakini "halo" si salamu. Ni mwito tu, kama hodi. Asemaye "Halo, unasemaje?" ameitikia simu, hajamwamkia mtu.

Katika Masasi na Newala, nchi ya korosho, jambo hili lina uzito wake. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza mwaka 2007, mkulima hukabidhi korosho zake ghalani, na malipo hufuata baada ya mnada. Apigapo simu kumwuliza karani, anauliza riziki ya mwaka mzima. Karani kijana akimkatiza kwa kudai namba ya stakabadhi kabla ya salamu, mzee yule atajiona amedharauliwa, hata akijibiwa sawasawa.

Njia iliyo salama ni hii: "Chama cha msingi hapa, karibu. Habari za asubuhi?" "Karibu" huitikia hodi isiyosikika, na "habari" haichagui umri. Mteja akisha kujibu, sauti yake na mwendo wa maneno yake humtambulisha. Hapo ndipo ifaapo "shikamoo, mzee" au "shikamoo, mama".

Tuongeze neno moja juu ya lugha za huko. Pamoja na Kimakonde, husemwa Kimakua na Kiyao; na katika Kiyao, mtu mmoja anayeheshimiwa husemeshwa kwa wingi. Basi Myao akimwambia mteja mmoja "karibuni", tusifanye haraka kudhani amekosea hesabu. Yamkini ametia heshima ya lugha yake katika Kiswahili.

Wala ukarimu huu hauhitaji maneno mengi. Mpigaji ndiye alipaye gharama ya simu, na salamu ndefu humla fedha. Maneno mawili matatu yaliyowekwa mahali pake yatosha kumjulisha kwamba amepokewa.