BREKI YA MKONO YA LAND ROVER: IONDOE KUTU KABLA YA HATARI

Land Rover za zamani, zilizotengenezwa tangu mwaka 1948 mpaka 1985, ni msaada mkubwa kwa mkulima. Bodi yake ni ya aluminiamu, lakini vyuma vya chini hushika kutu, hasa matope yakiachwa kukauka hapo. Sehemu inayosahauliwa zaidi ni breki ya mkono. Gari likiachwa mlimani na breki isiyoshika, laweza kumwua mtoto au kuharibu mali.

Breki hii ilivyo

Haiko kwenye magurudumu. Iko nyuma ya gia-boksi, ndani ya dramu moja inayoshika shafti iendayo kwenye difu ya nyuma. Kwa hiyo ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu huliacha lizunguke, na lile lililo chini nalo huzunguka kinyume. Gari laweza kuteremka ingawa breki imevutwa! Kwanza weka kabari nene mbele na nyuma ya magurudumu. Wala usilale chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Namna ya kuitengeneza

1. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, weka kabari, kisha shusha breki.

2. Ondoa matope. Sugua fito, pini na wenzo kwa brashi ya waya. Tia mafuta ya kulegeza kutu, ngoja usiku mmoja. Pini zilizolika zibadilishwe.

3. Tia mafuta hayo pia kwenye skrubu ya kukazia breki, yenye kichwa cha pembe nne. Ikikataa, usiilazimishe, yaweza kukatika. Izungushe kidogo kidogo, mbele na nyuma.

4. Ikiwa bado imekwama, fungua shafti, kisha dramu. Usipulize vumbi lililomo, kwani bitana za zamani huenda zina asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Lilowanishe kwa maji, ulifute kwa kitambaa, ukitupe.

5. Tazama bitana. Zikiwa zimelowa oili, sili ya gia-boksi inavuja. Badilisha sili na bitana pamoja. Kubadilisha bitana peke yake ni kupoteza fedha.

6. Paka grisi kidogo kwenye sehemu zinazosuguana, lakini isiguse bitana wala dramu.

7. Rudisha vyote. Kaza skrubu mpaka bitana ziguse dramu, kisha ilegeze milio miwili.

Kuijaribu

Jaribu kwenye mteremko mdogo, kabari zikiwa karibu na magurudumu, gia ikiwa huru. Gari likisogea, mwite fundi.

Tangu hapo, vuta breki kila unaposimama, maana isiyotumiwa ndiyo hushika kutu. Usiivute gari likienda, isipokuwa kwa hatari, kwani yaweza kuvunja shafti au difu. Mlimani acha gari katika gia, na kabari zikae garini siku zote.