Wabulgaria wa Banat

Msomaji atazamaye ramani ya Ulaya ataona mto mkubwa uitwao Danube, utokao katika milima ya Ujerumani na kwenda zake mashariki hata Bahari Nyeusi. Kusini ya mto huo, karibu na mwisho wake, ndiko iliko nchi ya Bulgaria. Akiufuata mto kuelekea magharibi atafika penye uwanda mpana uitwao Banat, ambao leo sehemu yake kubwa imo katika Rumania, sehemu nyingine katika Serbia, na pembe ndogo katika Hungaria. Katika uwanda huo wako watu wasemao Kibulgaria, wala si wageni waliofika jana. Wazee wao walikuja huko yapata miaka mia tatu iliyopita.

Zamani hizo Bulgaria ilikuwa chini ya Waturuki, waliokuwa wameishika tangu mwisho wa karne ya 14. Wabulgaria walio wengi walikuwa Wakristo wa Kanisa la Kiorthodoksi, lakini palikuwa na makundi mawili ya Wakatoliki. Kundi la kwanza lilikaa Chiprovtsi, mji wa milimani wenye machimbo ya fedha. Dini hiyo ililetwa kwanza na Wajerumani waliokuja kuchimba madini, kisha ikatiwa nguvu na watawa wa Mtakatifu Fransisko. Watu wa Chiprovtsi walikuwa wafanya biashara na mafundi, na baadhi ya vijana wao walikwenda kusoma Italia. Kundi la pili lilikuwa wakulima wa vijiji vya karibu na Danube, walioitwa Wapaulisiani. Hao walifuata madhehebu ya kale yaliyoanzia Armenia, na katika karne ya 17 wakaingia Kanisa la Rumi.

Mwezi wa Septemba 1688 majeshi ya Kaizari wa Austria yaliwanyang'anya Waturuki mji wa Belgrade. Watu wa Chiprovtsi wakaona saa yao imefika, wakashika silaha. Lakini majeshi ya Kaizari hayakuwafikia kwa wakati, na kabla mwaka haujaisha Waturuki waliwashinda, wakaichoma Chiprovtsi. Wengi waliuawa, wengine wakachukuliwa utumwani. Waliosalia wakavuka Danube na kukimbilia nchi ya Wallachia, na baadaye Wapaulisiani wengi wakawafuata. Mwaka 1718 Waaustria waliitwaa sehemu ya magharibi ya nchi hiyo, na wakimbizi wakapumzika chini ya ulinzi wao. Raha hiyo haikudumu. Vita vikarudi, Waaustria wakashindwa, na Wabulgaria wakawa hawana budi kufunga mizigo yao mara ya pili.

Safari hii wakapewa ardhi katika Banat. Serikali ya Austria haikufanya hivyo kwa huruma tupu. Uwanda ule ulikuwa umeharibiwa na vita, una mabwawa mengi na watu wachache, na serikali ilitaka wakulima wa kuulima na kulipa kodi. Ndiyo maana iliwaita Wajerumani pia. Mwaka 1738 Wapaulisiani walianza kijiji cha Stár Bišnov, na mwaka 1741 watu wa asili ya Chiprovtsi wakaanza Vinga. Mwaka 1744 Malkia Maria Theresa aliipa Vinga haki za mji na kuiita kwa jina lake, Theresiopolis. Jina hilo halikushika. Watu wameendelea kusema Vinga. Na Wabulgaria wa Banat nao hujiita mpaka leo Palćene, yaani Wapaulisiani, ijapokuwa madhehebu yale ya kale yamekwisha sahauliwa.

Pande zote walikaa watu wa lugha nyingine: Wajerumani, Wahungaria, Waserbia na Warumania. Wajerumani wengi walikuwa Wakatoliki kama wao, hata dini peke yake isingetosha kuwatenga. Maneno ya jirani yakaingia katika usemi wao. Uzi wa chuma waliuita drot, neno la Kijerumani; na umeme ulipokuja wakauita vilánj, neno la Kihungaria. Jambo lililokuwa la hatari zaidi ni kwamba kwa muda mrefu vitabu vya kanisa na vya shule havikuwa katika lugha yao, bali katika lugha ya Waslavi wengine iliyofanana na Kikroatia. Lugha isiyoandikwa hukaa midomoni mwa wazee, nao hufa.

Mwalimu mmoja, jina lake Jozu Rill, aliliona jambo hilo. Mwaka 1866 alitoa kitabu cha kanuni za kuandika Kibulgaria cha Banat. Hakutumia herufi za Kisirili, zitumiwazo Bulgaria, bali herufi za Kirumi zilizotiwa alama juu. Watoto walikuwa wakizijua tayari herufi hizo, na kwa hiyo mtoto aliweza kusoma maneno ya mama yake mwenyewe.

Bulgaria ilipokombolewa mwaka 1878, serikali mpya ilitoa sheria mwaka 1880 ya kugawa ardhi iliyokuwa haina watu. Baadhi ya Wabulgaria wa Banat wakarudi nchi ya wazee wao, wakaanza vijiji kama Bardarski Geran, mwaka 1887. Walileta ujuzi mzuri wa kilimo. Lakini hawakupokewa kama ndugu waliotoka safarini. Majirani waliwaona wamevaa mavazi mengine, wanasali namna nyingine, wanaandika kwa herufi nyingine, na wanakula sikukuu ya Kuzaliwa siku 12 mbele ya wenzao, kwa sababu Waorthodoksi walifuata kalenda ya kale. Wakaitwa watu wa Banat. Kule Banat walikuwa Wabulgaria. Bulgaria wakawa watu wa Banat.

Waliobaki walikuwa na taabu nyingine. Banat ilikuwa imetiwa chini ya Hungaria, na sheria ya mwaka 1907 iliamuru kwamba mtoto wa shule, awe wa taifa lo lote, awe anaweza kusema na kuandika Kihungaria amalizapo mwaka wa nne. Baada ya Vita Kuu ya kwanza nchi ikagawanywa: Vinga na Stár Bišnov zikaingia Rumania, vijiji vingine vikaangukia upande wa Serbia, na ukoo mmoja ukajikuta una mpaka katikati yake. Mwaka 1935 walianza gazeti lao, likakoma wakati wa Vita ya pili.

Katika hesabu ya watu ya Rumania ya mwaka 2002, watu 8,025 walijiandikisha kuwa Wabulgaria, wengi wao wa Banat. Tangu mwaka 1990 wana gazeti jingine, Náša glás, maana yake Sauti Yetu, na herufi zake ni zile zile za Kirumi. Mtu wa Sofia alitazamapo mara ya kwanza hudhani ni lugha ya kigeni. Akisomewa kwa sauti, hutambua kwamba anasikia Kibulgaria.