Si kila kuku anayehara ana minyoo

Mwezi Aprili mwaka 2024, wakati Ziwa Tanganyika lilipofurika na kuingia mitaa ya chini hapa Rumonge, nilizika vifaranga 19 nyuma ya nyumba yangu. Walikuwa 23, wenye umri wa mwezi mmoja, na mama watoto alikwisha kuwapigia hesabu: wakikua tuwauze, tupate mabati ya jiko.

Maji ya ziwa hayakufika kwangu, lakini mvua iliufanya ua kuwa tope. Jumatatu vifaranga walianza kuhara damu. Jirani akasema ni minyoo. Nami nikakubali upesi, kwani kule Mishamo, Tanzania, nilikozaliwa na kusomeshwa baada ya wazazi wangu kukimbia mwaka 1972, kila kuku aliyejikunyata tulisema ana minyoo. Nikanunua sokoni unga mweupe uliofungwa katika karatasi, usio na jina wala tarehe, nikaukoroga kwenye maji kwa kukisia. Hadi Alhamisi walikuwa wamebaki 4.

Msaidizi wa mifugo niliyempelekea mzoga aliupasua kwa wembe mbele yangu. "Mwalimu, tazama mwenyewe," akasema. "Hapa hakuna mnyoo hata mmoja." Vifuko viwili vilivyo mwishoni mwa utumbo vilikuwa vimejaa damu. Ugonjwa ule ni koksidiosisi, na huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hukomaa haraka kwenye unyevu na joto. Dawa ya minyoo haiviui. Dawa inayotumika sana ni ampuroliamu, ambayo hutiwa katika maji ya kunywa kwa siku 5 hadi 7 kadiri ya maelezo ya kibandiko. Katika siku hizo kuku wasipewe vitamini B1, maana dawa hiyo hufanya kazi kwa kuvinyima vijidudu vitamini hiyo hiyo. Ningalijua hayo Jumatatu, pengine nisingechimba shimo.

Hata hivyo, ndugu msomaji, usidhani minyoo ni hadithi. Ipo, tena mingi. Kuku mwenye minyoo hukonda huku anakula, kifua huwa kama kisu, mayai hupungua, na upanga wa kichwani hupauka. Mnyoo mkubwa wa mviringo ni mweupe na huweza kupita sentimita 7. Ikiwa mingi huziba utumbo wa kifaranga. Piperazini huuondoa mnyoo huo uliokomaa, lakini wachanga hubaki, ndiyo maana dawa hurudiwa baada ya wiki 2 au 3. Kwa tegu piperazini haifai kitu, na tegu kuku humpata kwa kula sisimizi, mbawakawa au konokono waliokwisha kuambukizwa. Mbegu za papai na vitunguu saumu nimevijaribu kama wengine. Kuku walivila vizuri, lakini hawakuacha kukonda.

Kwa maoni yangu, shida yetu sisi tuliorudi inaanzia kwenye ardhi. Mishamo kuku wa mama walitoka alfajiri, wakaenda mbali porini, na kinyesi chao kilitawanyika. Hapa wengi wetu tumepewa viwanja ambavyo ukipiga chafya jirani anakuitikia. Kuku anakula pale pale anaponya, na mayai ya minyoo huweza kukaa katika udongo wenye unyevu miezi mingi yakimngoja. Tumehamisha kuku bila kuhamisha pori. Sasa banda langu nimeliinua kwa matofali, kinyesi nakizoa kila asubuhi, chakula hakimwagwi tena chini, na vifaranga hawachanganywi na wakubwa.

Wenzetu mnaovusha kuku kwa boti, kutoka Kigoma au kutoka ng'ambo ya Kongo, mnajua tenga moja hubeba kuku wa nyumba nyingi. Kabla ya kuwachanganya na wengine, watengeni angalau wiki 2. Wapeni dawa ya minyoo kwanza, kisha baada ya wiki moja au mbili ndipo wapate chanjo ya mdondo, kwani kuku aliyedhoofishwa na minyoo hapokei chanjo vizuri. Dawa nyingi pia zina siku ambazo mayai na nyama haviliwi. Kibandiko huzitaja, na ule unga wa kwenye karatasi hauna kibandiko. Najua bei yake ni nafuu. Mimi niliulipia vifaranga 19.

Katika wale 4 waliosalia, 3 walikuwa mitetea. Mmoja ameatamia sasa, mayai 11, ndani ya kikapu juu ya matofali, na mama watoto ameanza tena kuhesabu mabati.