Mfasiri wa Filamu: Sauti Inayovuka Mpaka

Watu wengi hudhani kwamba filamu hukamilika siku ile mtengenezaji anapozima kamera yake. Katika miji ya Busia na Tororo, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, dhana hiyo haina msingi. Huku filamu hukamilika ndani ya kibanda cha video, mbele ya mabenchi ya mbao, pale mtu ambaye hakuwapo wakati wa kupiga picha anapotia sauti yake juu ya sauti za wachezaji na kuwasimulia watazamaji kwa lugha wanayoielewa. Nchini Uganda mtu huyo huitwa vijei. Kwa Kiswahili ni mfasiri, na kazi yake ndiyo inayoamua kama filamu itawaingia watu moyoni au itawapita kama upepo.

Sababu ya kuhitajiwa kwake si ngumu kuiona. Mpaka huu ulichorwa juu ya vichwa vya watu. Hadi mwaka 1902 nchi yote hii, mpaka upande wa Naivasha, ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mstari uliposogezwa, Wasamia na Wateso walijikuta wana ndugu katika serikali mbili, na hali hiyo ndiyo iliyopo hadi leo. Busia ni jina la miji miwili inayotazamana, mmoja wa Kenya na mwingine wa Uganda. Kaskazini yake iko Malaba, lango la reli na la malori yaendayo Tororo, katika nchi ya Wapadhola. Sokoni husikika Kisamia, Kiteso, Kidhopadhola, Kiganda, Kiswahili na Kiingereza kabla mtu hajamaliza kununua kibaba cha maharagwe. Sasa ije filamu iliyosemwa Kichina au Kihindi, au Kiingereza cha Marekani kisemwacho mbiombio: nani ataifuata hadi mwisho pasipo msaada?

GARI LA SINEMA

Tatizo hili halikuzaliwa jana. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, palifanyika jaribio la kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika. Kazi hiyo iliongozwa na Meja L. A. Notcutt. Filamu hizo zilihusu kilimo, afya na maisha ya nyumbani, na zilisafirishwa kwa lori hadi Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Kwa kuwa picha zilikuwa bubu, maneno yalitiwa kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwa miongoni mwake. Wahusika walitambua mapema kwamba picha moja inaweza kwenda kila mahali, lakini maneno ya namna moja hayawezi.

Mwaka 1939 Serikali ya Uingereza iliunda idara yake ya filamu za makoloni, na magari ya sinema yakazidi kuzunguka vijijini. Kitambaa cheupe kilitandazwa uwanjani usiku, jenereta ikanguruma, na kando yake akasimama mtu mwenye kipaza sauti akieleza kinachoonekana. Msimulizi huyo alikuwa mtumishi wa dola, na alisema yale ambayo dola ilitaka yasemwe. Hata hivyo ndiye aliyewazoesha wananchi wa Afrika Mashariki kutazama picha huku wakisikiliza sauti ya mwenzao. Mfasiri wa kibandani, ajapokuwa hamtambui, anafanya kazi inayofanana sana na yake.

KUTOKA KASETI HADI KIBANDA

Mijini palikuwa na majumba ya sinema yaliyomilikiwa, aghalabu, na wafanyabiashara wenye asili ya Asia. Walipofukuzwa Uganda mwaka 1972, biashara hiyo ilipata pigo kubwa, na machafuko yaliyofuata yakaidhoofisha zaidi. Ndipo katika miaka ya 1980 mkanda wa video ulipofungua mlango mpya. Mwenye televisheni moja, mashine ya kuchezea kaseti na banda la mabati aliweza kuwa mwenye sinema. Kiingilio kilikuwa kidogo, hivyo mchukuzi, mwendesha bodaboda na kijana asiye na kazi wote walimudu kuingia.

Mwanzoni mfasiri alikaa humo humo bandani. Alishika kipaza sauti, akipunguza sauti ya filamu wakati wa kusema na kuiongeza wakati wa mapigano au muziki. Baadaye kazi ilihamia studio: sauti hurekodiwa, huchanganywa na ile ya filamu, kisha nakala husambazwa kwa vibanda na maduka. VJ Jingo na VJ Junior wamejipatia sifa kubwa kwa kusimulia kwa Kiganda. Nchini Kenya, DJ Afro amejulikana kwa kusimulia filamu za mapigano kwa Kiswahili cha mitaani. Dar es Salaam nayo ilikuwa na Kapteni Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake ya Kiswahili ilivuma sana.

Mfasiri mzuri hafasiri neno kwa neno. Humpa jambazi wa Hong Kong jina la mtaani, hulinganisha jumba la tajiri na jengo linalojulikana mjini, na huchomeka methali mahali pake. Kwa hiyo watazamaji huchagua filamu kwa jina la mfasiri kama wanavyoichagua kwa jina la mchezaji.

FILAMU ILIYOBAKI KWA SAUTI YA MFASIRI

Mfano ulio wazi kuliko yote umetoka Wakaliga, mtaa wa Kampala. Huko Isaac Nabwana, aliyewahi kufyatua matofali, alianzisha kampuni ya filamu mwaka 2005. Ameeleza kwamba utotoni hakuzizoea sinema kwa macho, bali kwa masikio, kwa sababu kaka zake walikwenda kutazama, wakarudi wakamsimulia. Filamu yake ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, yaani Nani Aliyemuua Kapteni Alex?, inahusu askari wanaopambana na genge la wahalifu. Inasemekana iligharimu chini ya dola 200 za Marekani. Bunduki zilitengenezwa kwa mbao na vyuma chakavu, na picha zilihaririwa kwenye kompyuta iliyoungwa kwa vipande.

Kompyuta hiyo haikuwa na nafasi ya kutosha, hivyo filamu ya kwanza ikafutwa kupisha nyingine. Toleo lililobaki, ambalo limetazamwa na mamilioni ya watu duniani kupitia intaneti, ni lile lenye masimulizi ya VJ Emmie. Ulimwengu, basi, umeifahamu kazi hiyo ikiwa tayari imeunganishwa na sauti ya mfasiri.

Lakini umaarufu haujazi chungu. Kampuni hiyo iliuza nakala zake kwa mkono, wachezaji wakipita nyumba kwa nyumba, na ililazimika kuwahi siku chache za mwanzo kabla nakala za wizi hazijatapakaa. Penye mpaka wenye shughuli nyingi, nakala ya wizi haihitaji hata gari, kwa kuwa huvuka ndani ya simu mfukoni.

HAKI NA SHERIA

Hapa ndipo penye mgogoro wa kweli. Mfasiri huifikisha filamu mahali ambapo mtengenezaji asingefika, lakini mara nyingi hufanya hivyo pasipo ruhusa wala malipo kwa mwenye kazi. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 na ile ya Uganda ya mwaka 2006 zinampa mtunzi haki juu ya tafsiri ya kazi yake. Sheria ya mawasiliano ya Uganda ya mwaka 2013 inadai leseni kwa mwenye ukumbi wa sinema au maktaba ya video. Upande wa Kenya, bodi ya kuainisha filamu huweka alama za umri, zikiwamo za miaka 16 na 18.

Kumfukuza mfasiri hakutamsaidia mtu yeyote. Lililo la busara ni mtengenezaji na mfasiri kukubaliana mapema, kila mmoja apate fungu lake. Na kwa kuwa Kiswahili kinasikika pande zote mbili za mpaka, na Uganda ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, filamu yenye masimulizi mazuri ya Kiswahili inaweza kuuzwa Busia zote mbili, Malaba, Tororo, na katika kambi za askari ambako lugha hii imekaa muda mrefu.

JUKUMU LA NYUMBANI

Sheria haimfikii kila mtoto aliyechungulia kwenye ufa wa banda. Alama ya umri iliyo kwenye jalada hupotea filamu inaponakiliwa, na mfasiri anaweza kuligeuza tendo la ukatili kuwa kichekesho, mtoto akacheka mahali pa kuhuzunika. Baba aliye zamu ya usiku na mama aliye sokoni hawawezi kulinda mlango wa kila kibanda. Wanaweza, hata hivyo, kujua ni filamu gani inaonyeshwa mtaani, kumkataza mtoto kwenda saa za masomo, na kutazama pamoja naye ile inayomfaa.

Zaidi ya yote, wamwambie awasimulie alichokiona. Katika masimulizi yake watatambua alichokielewa, alichokiogopa na alichokitamani kukiiga. Wakati huo mzazi naye hugeuka mfasiri wa mwisho, na maneno yake, yakisemwa kwa upole, yanaweza kukaa moyoni mwa mtoto baada ya kelele za bandani kuzimika.