Ramani Inayomrudisha Msichana Darasani

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, likizo ya Desemba huwatia hofu baadhi ya wasichana, kwani ndio msimu wa ukeketaji. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18; hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulionesha kuwa asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa.

Zaidi ya kuvuja damu, maambukizi na makovu yanayotatiza uzazi, aliyekeketwa huhesabiwa kuwa mtu mzima. Huozwa, na masomo hukoma.

Wanaokimbia hupokewa katika nyumba salama, ikiwamo ya Mugumu, ya shirika la Hope for Girls and Women lililoasishwa na Rhobi Samwelly. Ugumu ulikuwa kuwafikia: vijiji vingi havikuwamo katika ramani. Kuanzia 2015, wachoraji wa kujitolea wa Crowd2Map walichora barabara na nyumba kutokana na picha za setilaiti. Wenyeji wakaongeza majina. Wanawake waliofunzwa kutumia simu janja hutoa taarifa kutoka vijijini, na ramani huwaongoza waokoaji.

Mhudumu wa afya naye ana wajibu. Mama aelezwe madhara haya kliniki kabla ya Desemba. Binti mwenye hofu asikilizwe faraghani, wala asirudishwe nyumbani pasipo uhakika wa usalama wake. Taarifa hupokewa na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kwa simu 116, bila malipo.