Rekodi za Wafalme Waliojitungia Babu

Mfalme anapokaa kwenye kiti ambacho watu wanajua hakikuwa chake, kazi ya kwanza ni kutafuta babu. Kadiri swali la watu linavyouma, ndivyo babu anavyokuwa mkubwa.

Baba wa ajabu kuliko wote ni wa Merovech, aliyeupa jina ukoo wa kwanza wa wafalme wa Wafaranki. Historia ya karne ya 7 inayoitwa ya Fredegar yasema mama yake alikwenda kuoga baharini wakati wa kiangazi, akakumbana na dubwana mfano wa fahali. Mimba ikawa ama ya dubwana, ama ya mumewe, mfalme Chlodio. Hiyo "ama" ndiyo inayonichekesha: mwandishi kaogopa kuapa.

Kwa kudumu, Ethiopia haiwezi kuachwa. Yekuno Amlak alipoupindua ukoo wa kifalme wa Wazagwe mwaka 1270, alihesabiwa kuwa wa uzao wa Mfalme Suleimani na Malkia wa Sheba. Kitabu cha Kebra Nagast kikaikamilisha hadithi katika karne ya 14; katiba ya 1955 ikaiandika kama sheria, hadi Haile Selassie alipopinduliwa 1974. Miaka 704!

Hekaya iliyofika mbali kama kesi ni ya 1301. Edward I wa Uingereza aliidai Uskoti mbele ya Papa Boniface VIII kwa hoja kwamba Brutus, mtu wa Troya, ndiye aliyekigawa kisiwa cha Britania. Waskoti wakajibu kwa Scota, binti Farao. Papa akaletewa ugomvi wa mababu wawili ambao hawakupata kuishi.

Lakini kiti kilichopatikana kwa bei nafuu kuliko vyote kiko kwetu, Kilwa. Maandishi ya karne ya 16 yanasimulia Ali bin al-Hassan, mwana wa sultani wa Shiraz, Uajemi, aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka pande zote. Muuzaji akahamia bara akipanga kurudi na jeshi. Ali akauchimba mkono wa bahari, watu wasiweze tena kuvuka kwa miguu maji yakipwa. Toleo la Mreno João de Barros linaongeza kiungo: mama yake Ali alikuwa mtumwa Mhabeshi, na ndugu zake walimdharau.

Kati ya hekaya hizi zote, ya Ali ndiyo yenye ushahidi wa kushikika mkononi. Utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023, ulikuta damu ya Uajemi katika miji ya pwani, iliyoingia tangu mnamo mwaka 1000, hasa kwa upande wa akina baba. Akina mama walikuwa Waafrika. Na huko Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu zaidi ya 2,000, nyingine za Ali mwenyewe, za karne ya 11. Upande mmoja lipo jina lake. Wa pili, maneno ya kumtegemea Mola, yenye kina kimoja na jina hilo. Shiraz haikutajwa.